Msitu Uliokuwapo, Ukatoweka, Ukarudi: Kisa cha Ramani ya Roy

Kuna kipande cha ardhi kando ya mto katika Nyanda za Juu za Uskoti. Ramani iliyochorwa kwa mkono kati ya 1747 na 1755 inaonyesha miti hapo. Ramani iliyopigwa chapa katika karne ya 19 inaonyesha ardhi tupu. Leo ukienda unakuta miti. Sasa kuna anayetaka kupitisha barabara katikati yake, na swali linalomfikia mtafiti mezani ni moja: huu ni msitu wa kale, au ni miti iliyoota juzi tu?

Vipande vya namna hii ni vingi Uskoti, vingi hata orodha rasmi ya misitu ya kale imevitengea fungu lake, fungu la 3, lenye jina la mtu ndani ya maelezo yake: maeneo ya misitu ya "Roy", mpimaji aliyeianza ile ramani ya mkono. Nitachukua kimoja kiwe mfano wa wenzake, bila kukipa jina. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi ramani ya mkono inavyohojiwa kama shahidi, inapojibu vizuri, na inaponyamaza huku sisi tukidhani imejibu.

Swali lina uzito wake. Mpango wa taifa wa matumizi ya ardhi wa Uskoti, uliopitishwa Februari 2023, hauungi mkono ujenzi wowote utakaosababisha kupotea kwa msitu wa kale. Kwa hiyo doa la rangi ya kijani lililopakwa kwa brashi miaka zaidi ya 260 iliyopita linaweza kusimamisha greda. Aliyelipaka hakuwa na habari kabisa kwamba anatoa ushahidi wa misitu. Alikuwa akifanya kazi ya vita.

Nani alichora, na alikuwa akitafuta nini

Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la serikali ya London liliwavunja waasi wa Jacobite, wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart uliokuwa umeng'olewa, pale Culloden. Baada ya ushindi huo makamanda walibaki na aibu moja: walikuwa wamepigana katika nchi wasiyoijua. Ramani walizokuwa nazo za Nyanda za Juu hazikuwafaa. Kanali David Watson, afisa wa ugavi wa jeshi huko kaskazini, akapata idhini ya kuzipima Nyanda za Juu, mradi ambao baadaye ulipanuliwa hadi nchi nzima ya bara, na kazi ya kuanza akamkabidhi msaidizi wake William Roy, raia asiye na cheo cha kijeshi, mwenye umri wa miaka 21. Upimaji ulianza 1747 kutokea Fort Augustus, ngome iliyo kwenye ncha ya kusini ya ziwa Loch Ness.

Baadaye vikosi vikafika sita. Kila kikosi kilikuwa na mpimaji, afisa mdogo na askari sita. Mmoja alibeba kifaa cha kupimia pembe, wawili walivuta mnyororo, wawili walisimama mbele na nyuma kama alama za kulengea, na mmoja alikuwa mtumishi. Ipo picha ya rangi ya maji ya mwaka 1749, kazi ya Paul Sandby, inayoonyesha kikosi kama hicho karibu na Loch Rannoch: mtu kainamia kifaa chake, wengine wako mbali na mnyororo na bendera, milima imejaa nyuma yao. Sandby alikuwa mchoraji mkuu wa mradi, kijana aliyeajiriwa kabla hata ya kufikisha miaka 20, na baadaye akawa mmoja wa mabingwa wa rangi ya maji nchini Uingereza. Ninamtaja kwa sababu mkono wake, na mikono ya waliofundishwa naye, ndiyo tunayojaribu kuisoma.

Huyo askari mwenye mnyororo alitembea wapi? Hapo ndipo kisa kinapoanza kukaa sawa. Alitembea barabarani, na kando ya mito. Vikosi vilipima mistari ya safari: unasimama, unasoma pembe kwa dira, unavuta mnyororo hadi kituo kinachofuata, unasoma tena. Vilivyokuwa pembeni ya mstari huo, yaani vilima, mashamba, vijiji vya mbali na misitu, vilichorwa kwa kukadiria kwa jicho. Hakukuwa na mtandao wa pembetatu uliopimwa ukaifunga nchi nzima pamoja, wala karatasi hazina mistari ya latitudo na longitudo.

Roy mwenyewe hakujidanganya. Mwaka 1785, akiwa sasa jenerali na mwanasayansi anayeheshimika, alieleza mbele ya wasomi wa London jinsi alivyopima mstari wa msingi wa upimaji pale Hounslow Heath, karibu na London, na alipoigusa kazi yake ya ujanani alisema ni afadhali ichukuliwe kuwa mchoro wa fahari wa kijeshi kuliko ramani sahihi sana ya nchi. Mtafiti anayeitegemea ramani hii bila kuyakumbuka maneno hayo amemwamini shahidi kuliko shahidi anavyojiamini.

Kazi ilikatika 1755, vita na Ufaransa vikiwa vinanukia na wapimaji wakihitajika kwingine. Karatasi za kaskazini zilikuwa zimepata nakala safi iliyochorwa upya. Za kusini zilibaki katika hali ya mchoro wa kwanza. Visiwa vingi havikuguswa. Ramani nzima haikupigwa chapa wakati huo. Iliingia katika mkusanyiko wa mfalme, leo iko British Library, na picha zake zinatazamwa bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti, zikiwa zimeunganishwa karatasi kwa karatasi.

Doa lenyewe, kwa karibu

Fungua sehemu yetu kwenye skrini uivute hadi ikaribie kuchakaa. Mto ni utepe wa buluu yenye ukijani. Majengo ni vidoti vyekundu, kila kimoja kimewekwa kwa ncha ya brashi, vitano au sita vikiwa vimejikusanya bila mpangilio wa mtaa. Hicho ni kijiji cha wakulima kabla ya mashamba kupangwa upya. Kuvizunguka vidoti kuna manjano yenye mistari: ardhi ya kulima. Mistari hiyo inaonekana kama matuta halisi lakini usiihesabu. Ni alama tu ya kusema "hapa panalimwa", kama mchoraji wa katuni anavyochora mawimbi matatu ukaelewa ni bahari. Nje ya manjano kuna rangi ya kahawia hafifu ya nyika na milima, na mteremko umepakwa kwa kivuli na vistari, bila kontua wala namba ya kimo hata moja.

Kati ya manjano na mlima, upande wa kaskazini wa mto, kuna kijani. Ndani ya kijani kuna vijiti vidogo vya miti vilivyochorwa kimoja kimoja, vikiwa na kivuli upande mmoja. Doa halina mpaka. Halina mstari wa kusema msitu unaishia hapa. Linafifia tu kuelekea juu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii huwazindua watu haraka. Ramani ya Roy ni inchi 1 kwa yadi 1,000, yaani 1 kwa 36,000. Milimita 1 kwenye karatasi ni mita 36 ardhini. Hekta 1 yenye umbo la mraba ni chini kidogo ya milimita 2.8 kila upande. Mti mmoja uliochorwa na urefu wa milimita 2 umeshafunika mita 72. Huwezi kusema mti huo ni mti. Ni herufi. Na msitu mdogo wa bondeni, wa hekta mbili au tatu, ulikuwa na nafasi ya kutoshea alama chache tu, mpimaji akiamua kwamba unastahili hata hizo.

Ustahili kwa nani? Kwa jeshi. Msitu mkubwa uliobanwa na barabara ni mahali pa kuviziwa, huo utachorwa. Miti iliyotawanyika juu ya malisho, ambako ng'ombe hula chini ya mibetula (miti ya gome jeupe ya nchi za baridi) na mialoni mizee, haimfichi mtu wala haizuii kikosi. Kwa ikolojia hiyo nayo ni misitu ya thamani, pengine yenye miti mikongwe kuliko yote. Kwa afisa wa 1750 ilikuwa malisho tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuisoma ramani hii ni ya upande mmoja: kijani kikionekana kina neno la kusema, kijani kikikosekana hakijasema kitu.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulipita haraka. Vikosi vilipima wakati wa kiangazi. Uchoraji ulifanyika majira ya baridi, ndani, katika ngome ya Edinburgh. Aliyeshika brashi Januari huenda hakuwahi kuliona bonde hilo. Alikuwa na daftari la vipimo na michoro ya haraka ya mwenzake. Mstari wa mto umetoka kwenye namba. Kijani kimetoka kwenye maelezo ya mtu, kikapita kwenye kumbukumbu, kikaishia kwenye mazoea ya mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana ukilinganisha karatasi za wapimaji tofauti unaona mmoja ana misitu minene na jirani yake ana nukta chache, na mpaka wa misitu unaangukia mahali kazi zao zilipokutana. Ukiona hivyo, usiulize kuhusu miti. Uliza kuhusu watu.

Kuipachika juu ya dunia ya leo

Hatua inayofuata hufanyika kwenye kompyuta, na ndiyo inayozaa makosa mengi ya kujiamini. Unachukua picha ya karatasi, unachagua alama zinazojulikana pande zote mbili, za ramani na za ardhi, unazifunga pamoja, na programu inaivuta picha hadi ikae juu ya viwianishi vya leo, yaani namba za kutambulisha mahali. Baada ya hapo unaweza kuweka mpaka wa msitu wa sasa juu ya kijani cha Roy uone vinaingiliana kiasi gani.

Inavutia sana. Na ni hapa mtafiti anapaswa kujizuia. Alama nzuri katika kipande chetu ni daraja la mawe, mkutano wa mto na kijito, na kanisa. Zote tatu ziko kandokando ya mstari wa mnyororo, kwa hiyo zinakaa vizuri. Programu inatoa wastani mdogo wa makosa na mtu anafurahi. Lakini wastani huo ni wa barabara! Juu mlimani, alikokadiria mtu kwa jicho, hatukuweka alama yoyote kwa sababu hakuna kitu cha kuweka, na huko ramani inaweza kupotoka kwa mamia ya mita bila namba yoyote kulalamika. Katika kisa chetu doa la kijani liko katikati ya hali hizo mbili: ukingo wake wa chini unagusa mto, ukingo wake wa juu unapotelea mlimani.

Nilichokiona kinafaa ni kuacha kuuliza kama mipaka inalingana, na kuuliza uhusiano wa vitu. Je, miti iko upande uleule wa mto? Iko juu ya kijito au chini yake? Iko kati ya kijiji na mlima, au nyuma ya kijiji? Mchoraji wa kukadiria hukosea umbali kirahisi, lakini si rahisi akosee kwamba msitu uko ng'ambo ya mto kutoka kanisani. Kwa kipimo hicho doa letu linasimama: upande uleule, kati ya kijito kilekile na kona ileile ya mto ilipo miti leo. Mpaka wake siudai kabisa.

Kwa nini 1750?

Hapa naomba kutoka njiani kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo binafsi lilinibadilisha namna ya kuitazama orodha nzima. Huko Uingereza na Wales, msitu huitwa wa kale ukiwa umekuwapo mfululizo tangu 1600. Uskoti kizingiti ni 1750. Mtu anaweza kudhani tofauti hiyo imetokana na miti, labda historia ya kupanda miti, labda hali ya hewa. Imetokana na karatasi. Uskoti ilipata picha ya kina, ya kipimo kimoja, ya nchi nzima ya bara kwenye ramani ya Roy, na kizingiti kikawekwa pale ushahidi ulipoanzia. Orodha ilipoandaliwa katika miaka ya 1980, mafungu yake yalipangwa kwa ramani mbili: ya Roy, na toleo la kwanza la ramani za Ordnance Survey, shirika la serikali la kuchora ramani, la karne ya 19. Msitu unaoonekana wa asili kwenye ramani ya 1750 na kuendelea hadi leo ni fungu 1a. Unaoonekana kuanzia ile ya 1860 ni 2a. Iliyopandwa na watu ina mafungu yake.

Kwa hiyo tunapoiuliza ramani ya Roy kama msitu huu ni wa kale, tunaiuliza swali ambalo yenyewe ndiyo iliyoweka kipimo chake. Uamuzi wa kijeshi wa kusimamisha kazi 1755 umekuwa, kwa njia ya mzunguko, sehemu ya tafsiri rasmi ya ukale wa msitu. Sisemi kizingiti ni kibaya. Lazima kiwe mahali fulani, na mahali penye ramani panatetewa vizuri zaidi kuliko pasipo nayo. Ila visiwa ambavyo Watson hakuwapeleka watu wake vinaanza vikiwa vimepungukiwa shahidi, na mialoni yao haina kosa lolote.

Shahidi wa pili anasema hapana

Turudi kwenye kipande chetu. Ramani ya Ordnance Survey ya inchi 6 kwa maili 1, yaani 1 kwa 10,560, ni kazi ya namna nyingine kabisa: imefungwa kwenye mtandao wa pembetatu, imepimwa uwanja kwa uwanja, ina alama tofauti za miti ya majani mapana, misonobari, vichaka na malisho mabovu. Na inasema hapa ni malisho mabovu. Hakuna mti.

Kwa mtu mwenye haraka, shahidi sahihi amemshinda shahidi wa kukadiria na kesi imekwisha. Lakini mashahidi hawa walisimama mahali pamoja kwa nyakati tofauti, takriban miaka 110 mmoja baada ya mwenzake. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Waliounda fungu la 3 waliliona hilo: msitu ulioonekana kwa Roy, ukakosekana kwenye toleo la kwanza, na leo upo, huenda ulikatika kwa muda mfupi tu na bado umebeba tabia za msitu wa kale. Kwangu mimi hilo ndilo fungu aminifu kuliko yote, kwa kuwa limeandika kutoelewana kwa ushahidi badala ya kuficha kutoelewana huko.

Muda huo mfupi ulisababishwa na nini? Maelezo ninayoyapa uzito zaidi ni ya shoka. Misitu ya mialoni ya magharibi mwa Uskoti ilikuwa bidhaa. Magome yalienda kudabagha ngozi, na mbao zikawa mkaa wa kuyeyushia chuma. Tanuru la Bonawe, kando ya Loch Etive, lilianzishwa 1753, vikosi vya Roy vikiwa bado kazini, likafanya kazi hadi 1876. Mwaloni ukikatwa karibu na ardhi haufi. Kisiki kinachipua, machipukizi yanakuwa fito, fito zinakuwa miti myembamba, na baada ya miaka ishirini na kitu unakatwa tena. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na umri unaozidi mara nyingi ule wa kila kilichosimama juu yake. Sasa fikiria mpimaji wa karne ya 19 amefika mwaka mmoja baada ya wakataji kuondoka. Anaona nini? Kilima chenye nyasi na visiki. Anaandika anachokiona, na kwa kazi yake amefanya sawa. Msitu uko chini ya buti lake.

Maelezo ya pili ni kondoo. Ufugaji wa kibiashara ulienea katika Nyanda za Juu tangu nusu ya pili ya karne ya 18, vijiji vingi vikaondolewa, na vidoti vyekundu vya Roy katika mabonde mengi havina mwenzake kwenye ramani ya baadaye. Kondoo hula chipukizi. Msitu unaoliwa hivyo unazeeka bila watoto, kisha unaanguka mti mmoja mmoja. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa hapa, basi pengo ni refu na la kweli, na miti ya leo imetoka kwa mbegu za majirani baada ya kondoo kupungua. Hapo jibu la swali letu linabadilika.

Maelezo ya tatu ni kwamba Roy alikosea, doa likakaa bonde lisilo lake. Tumeshalipima kwa uhusiano wa mto, kijito na kanisa. Silitupi, nalishusha chini.

Kinachoamua kiko ardhini

Ramani mbili zikigongana, ya tatu husaidia. Baada ya uasi, mashamba ya baadhi ya mabwana walioshiriki yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya 1752, na kuanzia 1755 wakaajiriwa wapima ardhi wa kuyachora kwa ajili ya usimamizi na kodi. Ramani hizo pia ni za mkono, lakini za jicho tofauti: mwenye shamba anataka kujua miti ina thamani gani. Pale zilipo, zinaonyesha misitu ambayo afisa wa jeshi angeipita. Kwa kipande kisicho na ramani kama hiyo unabaki na majina. Maneno ya Kigaeli kama coille, msitu, na doire, kichaka cha miti, yamekaa ndani ya majina ya vilima na mashamba yasiyo na mti hata mmoja leo. Ukiyasoma kwenye ramani ya Roy jihadhari, kwani waandishi wake wengi waliandika Kigaeli kwa sikio la mtu asiyekijua. Jina lilelile linaweza kuhitaji kutamkwa kwa sauti mara mbili tatu kabla halijafunguka.

Halafu unavaa buti. Katika kisa cha aina hii mambo manne ndiyo ninayoyatafuta, na sitaki kuyaona kwa pamoja bali kila moja lizungumze peke yake. Kwanza visiki: mialoni yenye mashina mengi yaliyotoka kwenye kitako kimoja kipana ni dalili ya kukatwa kurudiwarudiwa. Pili majukwaa ya mkaa, viduara vilivyosawazishwa kwenye mteremko, ambavyo ukifukua kidogo unakuta vipande vyeusi. Hivyo vinasema msitu ulitumika, hivyo ulikuwapo. Tatu mimea ya chini, ile inayosambaa polepole mno kiasi kwamba kuikuta imetandaa ndani kabisa ya msitu kunahitaji maelezo. Nne, na hili ni la kuvunja hoja, matuta ya kulimia chini ya miti. Ukikuta mawimbi ya jembe yamelala chini ya mizizi, hapo palilimwa, na udongo ulishavurugwa, hata kama Roy alipaka kijani.

Kipande chetu, kwa jinsi nilivyokiunda kutokana na sura ya kawaida ya wenzake, kina visiki vya mashina mengi kwenye nusu ya chini, karibu na mto, na majukwaa mawili. Nusu ya juu ina mibetula ya umri mmoja, myembamba, iliyosimama juu ya matuta yanayoonekana wazi jua likiwa chini. Yaani ni misitu miwili iliyogusana, na mstari unaoitenganisha hauko kwenye ramani yoyote kati ya zile mbili. Doa la Roy lililofifia kuelekea juu halikuwa uvivu wa brashi, au pengine lilikuwa. Karatasi haiwezi kutuambia, na hatuihitaji ituambie.

Ripoti inayoandikwa kutokana na haya haina haja ya kuwa ndefu. Inasema: miti ilionyeshwa hapa karibu 1750 kwa mchoro wa kukadiria, mahali pake pamethibitika kwa uhusiano na mto lakini si kwa mpaka, haikuonyeshwa katika karne ya 19, dalili za ardhini zinaunga mkono mwendelezo wa msitu katika sehemu ya chini na kuupinga katika sehemu ya juu. Inaambatishwa picha ya karatasi ya Roy isiyovutwa wala kunyooshwa, ili msomaji alione doa kama lilivyo, na kando yake mchoro wa mtafiti mwenyewe wa visiki na matuta, uliochorwa kwa penseli akiwa amesimama kwenye mvua, nao ukiwa na tarehe, jina la aliyechora, na alama ya kuonyesha njia aliyopita na sehemu ambazo hakufika.